Diwani na Geti la Reli

Kwa Baba yangu mpendwa, shambani kwa Bwana Miwani, Kitale.

Mulembe, Baba. Mulembe tena, maana moja haitoshi kwa umbali huu. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kifua chako kimetulia, kwa kuwa najua baridi ya zizini wakati wa kukamua haimhurumii mtu. Ng'ombe je? Na yule ndama mwekundu uliyeniandikia kwamba anakataa ndoo, amekubali? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nasoma, navaa koti juu ya koti. Moyo ndio haukai mahali pamoja, na ukiona mwandiko unaruka ujue sababu ni hiyo. Na kama kuna karani wa serikali aliyeifungua barua hii kabla yako, kama ile ya mwisho iliyofungwa vibaya ikafika imechanika, namsalimia naye. Asome polepole. Akimaliza atie gundi ya kutosha.

Barua yako niliipata. Maneno yalikuwa machache na makali: nimekuja kusoma, mambo ya watu niwaachie wenyewe. Nilijua mara moja kwamba yule mzungu wa misheni amekuja kwako. Chuo kilimwandikia yeye, naye akakufuata mpaka zizini kukuambia kwamba mwanao anashinda kwenye mikutano huku Amerika. Iliniuma, Baba. Si kwa sababu umenikemea, kukemea ni haki yako. Iliniuma kwamba habari zangu ulizipata kwa mdomo wa mtu mwingine, ukiwa umesimama mbele yake na kofia mkononi. Sasa nitakueleza mwenyewe, kisha unihukumu.

Unamjua Mama Odessa, niliwahi kukuandikia habari zake. Ni yule mjane mweusi ambaye ninakaa kwake, anayepika unga wa mahindi na kuutia sukari, nami naumeza nikifikiria ugali na mboga ya murere. Nyumba yake iko upande wa chini wa reli. Upande ule ndio wetu sisi weusi. Viwanda, shule, hospitali na hata kanisa letu viko ng'ambo. Kwa hiyo kila mtu anayekwenda kazini na kila mtoto anayekwenda shule lazima avuke reli, na pale barabara inapokata reli hakuna geti, hakuna mlinzi, hakuna hata kengele. Ni kibao kimoja tu kilichopauka. Mume wa Mama Odessa alifia hapo, akirudi kutoka kiwandani siku ya ukungu. Mama huyu hupita mahali hapo kila siku akienda kufua nguo za watu. Akifika anasimama, anatazama huku, anatazama kule, halafu anavuka.

Sasa mji huu una baraza lake, na kila mtaa una diwani wake. Nataka unielewe vizuri hapa, Baba, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda. Diwani hatumwi na mtu wa juu kama chifu wetu anavyotumwa na DC. Anachaguliwa kwa kura, na muda wake ukiisha anarudi kuomba tena. Mama Odessa ana kura. Mfua nguo! Diwani wetu anaitwa Hartwell, ni mzungu mnene mwenye sauti tamu, na kila akija kuomba kura anaahidi geti. Akishaipata, anasahau geti mpaka uchaguzi mwingine.

Kina mama wa kanisa wakachoka. Walikutana jikoni kwa Mama Odessa, mimi nikiwa pembeni na vitabu vyangu, wakasema safari hii diwani atajibu. Hawakutaka ahadi. Walitaka aseme kwa nini geti halipo, nani analikataa, na yeye alisema nini barazani siku lilipokataliwa. Mmoja akasema kwa ukali, "Yule ni mtumishi wetu. Mtumishi akivunja chungu anaulizwa." Nilikaribia kuangusha kalamu. Mzungu kuitwa mtumishi, na anayemwita hivyo ni mama aliyevaa aproni!

Wakaniomba nisaidie kupita nyumba hata nyumba kuwaita watu mkutanoni. Nikakubali kabla sijafikiri. Hapo ungecheka. Nyumba ya kwanza nilisimama uani mbali na mlango, nikapiga hodi kwa sauti, nikakohoa, nikangoja kuonwa kama mtu mwenye adabu. Mapazia yakafunguka kidogo yakajifunga. Huku mtu akisimama uani anakohoa wanadhani amekuja kudai kodi ya nyumba. Mama Odessa akaja akinicheka mpaka akashika ubavu, akanifundisha kupanda ngazi na kugonga mlango wenyewe kwa vidole. Baadaye nikazoea, maana kazi hiyo na mikutano yake ilichukua miezi, na nadhani ndiyo chuo kilichomwandikia mzungu wa misheni. Wengine walitukaribisha, wengine walitufungia. Mzee mmoja aliyestaafu kiwandani aliniambia, "Kijana, nimepiga kura maisha yangu yote na treni bado inapita vilevile." Ukweli ni kwamba hata mimi sikujua kama jambo hili litafika popote. Najua kwamba kusini mwa nchi hii watu kama Mama Odessa wanazuiwa kupiga kura, wengine wanapigwa kwa kujaribu tu, na bado nchi nzima inajiita nchi ya watu kujitawala. Wakati mwingine nikitembea na kina mama hawa nina hasira, wakati mwingine nina tumaini, na siku nyingine vyote viwili kabla ya kufika kona.

Mpango wa mkutano ulikuwa mwepesi. Huku diwani akiingia ukumbini watu husimama wakipiga makofi, naye anapokea makofi, anatania kidogo, anaahidi, anaondoka. Kina mama wakakubaliana kwamba safari hii hakuna atakayesimama na hakuna atakayepiga makofi. Aingie kwenye kimya. Atembee mpaka mbele kwenye kimya. Mama Odessa aulize swali, na watu waendelee kukaa mpaka ajibu. Tulirudia kanisani kama kwaya inavyorudia wimbo.

Jumamosi alasiri ukumbi wa kanisa ukajaa. Hata yule mzee wa kiwandani alikuja. Mimi nilikaa mstari wa mbele, karibu na Mama Odessa aliyevaa kofia yake ya mazishi. Mlango wa nyuma ukafunguka, viatu vikalia sakafuni, nikageuza kichwa nikamwona mzungu mnene anakuja, mkono mmoja mfukoni.

Baba, nilisimama.

Sikuamua kusimama. Miguu ilifanya kazi yake yenyewe. Nilisimama wima, kofia nikaivua, mikono nikaibana mapajani, kama tulivyokuwa tukifanya pale zizini gari la Bwana Miwani likitokea kwenye miti. Unakumbuka nilipokuwa mdogo, nimekaa juu ya gogo na muwa wangu, na Bwana akatokea? Ulinivuta shati kwa nyuma mpaka kifungo kikaruka. "Simama, mutoto! Unaona Bwana anapita na wewe umekaa tu ati?" Nilisimama siku ile, na naona sijakaa tangu hapo.

Waliokuwa nyuma yangu waliniona wakadhani mpango umebadilika. Mmoja akasimama, wa pili, halafu mstari mzima, halafu ukumbi wote. Kuna aliyeanza kupiga makofi. Hartwell akatabasamu kama mtu aliyefika kwake. Akaja moja kwa moja kwangu, akanishika mkono, akauliza natoka wapi. Nikasema Kenya. Basi hapo akapata njia ya kutokea. Akawageukia watu akaanza kuwaeleza jinsi kijana huyu amevuka bahari kuja kuonja uhuru wa Amerika, akauliza kama kwetu simba wanaingia jikoni, watu wakacheka, akaeleza tena. Mama Odessa alikuwa amekaa. Peke yake katika ukumbi ule ndiye aliyebaki kitini, mkono juu, akingoja kuuliza. Diwani akatazama saa, akasema ana mkutano mwingine, habari za geti atazileta Jumamosi ijayo, akaenda zake. Bado alikuwa ananishikashika bega alipoondoka.

Nilitaka ardhi inimeze. Tulirudi nyumbani mimi na Mama Odessa. Tulipofika relini akasimama, akatazama huku, akatazama kule, tukavuka. Upande wetu nikasema, "Mama, nisamehe." Alipomaliza kuvua viatu nyumbani ndipo akaniuliza nani alinifundisha kusimama vile.

Nikamweleza habari za shamba, gari, muwa na kifungo. Nilidhani atakuchukia, Baba. Hakukuchukia hata kidogo. Akasema baba yake kule kusini alikuwa akimshika mkono na kumshusha kutoka njia ya miguu hadi matopeni kila mzungu alipopita, na alikuwa akimfinya asije akachelewa. "Alikuwa anataka nifike nyumbani mzima," akasema. "Na baba yako alikuwa anataka hivyo hivyo." Nikalia pale jikoni, mwanamume mzima niliyetahiriwa bila kupepesa jicho. Kwa miaka mingi nilikuwa na kinyongo na wewe kwa ajili ya kifungo kile, nami sikujua kama ninacho. Sasa sina.

Lakini shida haikuishia hapo. Jumatatu msimamizi wa wanafunzi wageni aliniita ofisini. Ni mtu mpole, alinipa kiti na chai. Akasema mimi ni mgeni, na watu waliotoa msaada wa masomo yangu hawakutoa ili niingie katika siasa za mji. Akasema nikionekana mkutanoni mara nyingine, hawezi kuahidi kwamba msaada utaendelea. Msaada ukikatika, Baba, mimi narudishwa nyumbani bila shahada. Nimebakiza mwaka mmoja. Najua nani alikesha akiomba nipate nafasi hii, najua na ng'ombe gani waliuzwa kutoka zizini mwetu Misikhu, sitaki kuwataja maana nitashindwa kuendelea kuandika.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nasoma ukurasa huo huo nisiuone. Upande mmoja nakusikia wewe: umeenda kusoma. Na ni kweli, nimekuja kusoma. Upande wa pili najua kwamba mtu aliyempa diwani njia ya kukimbia ni mimi, si mwingine. Kama nisingeenda kabisa ningekuwa mgeni asiye na neno. Sasa nimeshaharibu kazi yao, halafu nijifungie chumbani nasoma sura za utawala bora? Na huko nyumbani nasikia Waafrika nao watachagua watu wa kuwasemea Nairobi, wengine watapewa kura, wengine watanyimwa, na wachache watapewa zaidi ya moja. Wewe je, umepewa? Niandikie. Siku hao waliochaguliwa watakapokuja Bungoma na viatu vinavyolia, watu wa kwetu watafanya nini? Nadhani tutasimama sote. Tutapiga makofi mpaka mikono iwake moto, na hakuna atakayeuliza chungu kimevunjwa na nani. Nikirudi na shahada lakini bado nina miguu ile ile, nitakuwa nimekuletea karatasi tu.

Nisalimie Mama ukishuka Misikhu mwisho wa mwezi, lakini usimsomee mahali pa msaada kukatika, mwambie tu nimenenepa. Nisalimie kukhu, nyanya yangu, mwambie meno yangu bado yote yapo, najua atauliza. Dada yangu mwalimu asiache kuniandikia, barua zake ndizo zinazonichekesha. Mjomba wa Lwakhakha, kama bado anavusha kahawa yake kwa miguu, mwambie aache utani na askari wa mpaka. Na wale wakamuaji wenzako wote, kila mmoja kwa jina lake, waambie mtoto wa zizini hajawasahau.

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Mama Odessa ameshavaa ile kofia, namsikia anatembeatembea sebuleni akijifanya hanihimizi. Sanduku la posta liko njiani kabla ya kufika kanisani. Nitatia barua hii humo kwanza, ndipo niingie ukumbini, ili hata miguu ikiniambia nirudi, neno langu kwako liwe limeshaondoka. Itakapokufikia, mambo yatakuwa yameisha zamani. Huenda mzungu wa misheni ameshakuambia kama bado niko chuoni au niko njiani kuja. Kama ni njiani, nitafutie kazi hapo zizini, sitaona haya.

Asubuhi Mama Odessa ameniambia nikae karibu naye tena, na diwani akiingia atanishika koti kwa nyuma anizuie nisiinuke. Nimemshukuru, lakini nimemwambia asinishike. Nataka nikae mwenyewe.

Mwanao, yule wa muwa na kifungo,
Wekesa