Abee Iliyochelewa

Mpenzi Baba Lujain,

Habari za kazi huko Mtwara? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Sisi wazima. Lujain anaota jino la pili, halali, basi na mimi silali.

Sasa kaa nikwambie! Ile siku uliyonikubalia nipite tu nyuma na ndoo kwenye tamthilia, pale duka la vitenge Kariakoo, mwigizaji wa nafasi ya mtumishi hakutokea. Mwongozaji, kaka Hamud, akanipa mimi nafasi yake. Bi Huda, anayeigiza bosi, aniite, mimi niitike "Abee!" nikimbie kupiga magoti.

Akaniita kwa ukali. Mwenzio sikuitika. Nilikunja kitenge mpaka mwisho, nikakiweka, nikageuka, ndipo nikasema taratibu, "Abee, mama." Bi Huda akasahau maneno yake, bosi mzima anababaika!

Hamud akaja mbio. "Dada, nani kakufundisha kumsubirisha bosi namna ile?"

"Uchovu, kaka. Mtoto hajalala siku tatu."

Walicheka mpaka wapita njia wakachungulia. Sasa Hamud anataka nirudi hadi tamthilia iishe.

Najua ulisema siku moja tu. Nakupenda, kwa hiyo sikufichi: nimekubali bila kukuuliza. Lujain atakaa na mama yako. Nilimwomba mwenyewe, akapiga vigelegele. Jumamosi mchana usipige simu, nitakuwa kazini. Piga jioni, unigombeze nikiwa nimekaa.

Wako,
Azza