Gari Tulilolifunika Turubai

Mjukuu wangu na mke mwenzangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Ipuli hatujambo, mvua ni nzuri, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kama nasi, nilipokuwa karani wa duka la magari mapya hapa Tabora, tuliletewa magari tusiyoyaagiza kama nyinyi huko dukani kwenu Dar. Tuliletewa, tena sana. Kiwanda kiligawa kwa kuangalia idadi ya magari tuliyokwisha kuuza, si aina wateja waliyoitaka. Ukitaka pikapu za wakulima wa tumbaku, unapokea na gari dogo la chini lisilotakiwa na mtu. Benki ndiyo iliyolilipia, na riba iliongezeka kadiri lilivyokaa.

Tajiri wetu, Mzee Nassoro, alilificha nyuma ya duka na kulifunika turubai lisishike vumbi. Mteja hakuruhusiwa hata kuligusa.

Siku moja mkulima wa Usoke alikuja na mama yake kununua pikapu. Yule mama, na kanga zake, alishindwa kupanda. Nikamwonea huruma, nikafunua turubai apate pa kukaa. Aliingia bila kushikwa mkono, akafunga mlango mwenyewe. Mwanawe alipomwita waondoke, akamjibu, "Nenda na hilo refu. Mimi nimeshapanda."

Waliondoka na lile la chini.

Kiwanda hakikumwona mama yule, Zuhura. Mimi nilimwona. Hayo magari yanayokunyima usingizi, umeshamfungulia nani mlango?

Bibi yako anayekuombea kila alfajiri,
Mwajuma