Pevingi Juu ya Zege la Baba

2 Machi

Baba yako anatoka hospitali! Ngoja, hata sijakusalimu. Hujambo, mwanangu? Mimi mzima, magoti tu ndiyo makorofi. Basi, mguu wamekata, hilo unalijua, atarudi na kiti cha magurudumu. Lile zege la kutoka getini lina mabonde, na mlangoni kuna ngazi. Nimeita fundi apange matofali ya pevingi juu ya zege hilohilo, yapande mpaka yalingane na mlango, mzee aingie kama waziri. Mtaa mzima hakuna mwenye pevingi! Wewe fundi wa huko mbali, nishauri, ila upesi.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo mama. Pole na magoti. Inawezekana, lakini zege halinywi maji. Mvua itapenya kati ya matofali, ikae kwenye mchanga, kisha itafute mlango. Fundi atoboe zege mashimo mengi mpaka udongoni kabla ya kumwaga mchanga. Mbele ya mlango aache mfereji. Bila hayo, bora ngazi ibaki. Niandikie kama ametoboa.

Mwanao

20 Machi

Marahaba, mwanangu. Ametoboa, tulia. Baba yako amefika! Kajisukuma mwenyewe toka getini mpaka kitandani, mara tatu. Jirani yangu mshona nguo mdomo wazi: "Mzee kapata gari!" Nikamjibu, "Na barabara yake!" Sasa anakaa mlangoni kuwatambia wapita njia: "Chini kuna zege langu, nililimwaga mwenyewe, halijaguswa hata kwa msumari!"

Mama yako

28 Machi

Shikamoo mama. Baba hajambo? Mama, kama zege limetobolewa, mbona anasema halijaguswa? Nijibu kabla mvua haijaanza.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu, nilikudanganya. Fundi alikuja na mashine, nikamzuia getini. Baba yako alinisihi hospitalini zege lake lisiharibiwe, ndiyo kazi yake ya mwisho akiwa na miguu miwili. Mfereji nao nikaukataa, nikaona utaharibu sura.

Mvua ilinikuta sokoni. Maji yalitoka chini ya matofali yakaingia moja kwa moja. Nilimkuta sakafuni, ameshuka kuyazuia kwa blanketi, akashindwa kupanda tena. Kidonda kililowa saa nzima na zaidi. Siku ya nne kikatoa harufu. Akaniuliza, "Mama watoto, maji yalitoka wapi?" Nikamwambia bati linavuja. Akasema nikiona fundi wa bati nimwite.

Amefariki jana asubuhi.

Nimeng'oa matofali ya mlangoni kwa mikono yangu. Usinihurumie, na usinifokee mbele ya watu. Nifokee tukiwa wawili. Dada zako nimewaambia ni kidonda tu. Ukitaka wajue, waambie wewe, mimi mdomo umegoma.

Hospitali imekubali kumhifadhi mpaka barua hii ikufikie. Tunazika Jumamosi, tarehe ishirini na nne, saa nne asubuhi. Nyote mje.

Mama yako