Panya Wanaobeba Uvimbe wa Dada Yako

Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Maabara, Chumba Na. 3.
Alhamisi, tarehe 9.

Mpendwa shemeji yangu,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Hujambo wewe, na mama watoto, na mgongo wako ule msumbufu? Mimi mwili mzima, meno tu ndiyo yananiaga moja moja. Dada yako yu hai. Nasema yu hai, sisemi mzima.

Usicheke mwandiko. Nilisoma madarasa mawili tu, lakini ni madaktari wangapi wenye vyeti ukutani wamekuja kuniuliza, "Mzee wa Panya, huyu mbona hali?" Miaka thelathini na moja nalisha panya wa utafiti, hajafa hata mmoja kwa uzembe wangu. Hilo hata adui yangu atalikubali.

Sasa nisikilize. Dada yako alipopasuliwa tumbo, daktari wa maabara alichukua kipande cha uvimbe ule wa saratani, akakipandikiza kwenye panya kumi na wawili, wale wasio na manyoya wala kinga ya mwili. Dawa hujaribiwa kwao kwanza, ili mgonjwa asijaribiwe yeye. Wanne walipewa dawa ya kadi nyekundu, wanne ya kadi ya kijani, wanne maji ya chumvi tu, ili pawe na cha kulinganisha. Itakayoshinda ndiyo apewe yeye. Wengi hungoja jambo kama hilo wasilipate. Sisi tulilipata kwa heshima yangu.

Shemeji, wale wa maji ndio walionimaliza. Kila wiki uvimbe unakua ubavuni, leo kama harage, kesho kama gololi. Nyama ile ni ya dada yako. Ikawa kama yeye ndiye amekaa kizimbani ananitazama, na mimi nampa maji. Mtu mzima nikashindwa. Wiki ya tatu nikachukua wawili wa maji nikawatia kwenye kijani, na wawili wa kijani, waliokuwa wamenona, nikawatia kwenye maji. Nilisema hao wamekwisha kula zamu yao. Alama za wino mkiani naziweka mimi mwenyewe, nikazibadilisha, nani angejua?

Jumatatu hii daktari akaja na karatasi zake. Dawa ya kijani, akasema, haipishani sana na maji. Dada yako ataanza nyekundu Jumatatu ijayo. Ingepishanaje na maji, na mimi ndiye niliyewachanganya?

Nikakaa nalo siku moja, halafu jana nikamwambia. Hakufoka, afadhali angefoka. Alikalia ndoo yangu ya chakula, akavua miwani.

"Mzee, umenifanya nini?"

Nikamwambia nawajua wote kwa sura, namwonyesha sasa hivi nani alitoka wapi, na wale walioanza na kijani uvimbe wao ulinywea kuliko wa nyekundu wote.

"Baba yangu," akasema, "sura si kipimo. Nikikosea, anayeumia ni mkeo."

Nilibisha mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Haikusaidia. Kuanza upya ni miezi mitatu, na daktari wa wodi anasema dada yako hana miezi mitatu ya kungoja. Mwili wake utastahimili dawa moja, si mbili. Zote zinaruhusiwa kwa ugonjwa wake, kwa hiyo achague mwenyewe.

Leo nikaenda wodini nikamweleza yote. Nilitegemea matusi, na ya ukoo wenu nayajua. Akacheka mpaka akashika mshono.

"Yaani umenionea huruma mpaka kwenye panya, mume wangu? Mimi mwenyewe hata uji hukunikorogea!"

Kisha akaniuliza naona ipi. Nikasema kijani.

"Basi kijani. Daktari anasoma karatasi, wewe unasoma panya."

Amekwisha kuwaambia wauguzi. Jumatatu asubuhi anaweka dole gumba kwenye fomu.

Nilitoka pale kifua mbele. Nikaenda moja kwa moja kwenye vizimba nihakikishe. Shemeji, nimewatoa wote wanane, wa kijani na wa maji, nimewaweka mezani, nimewageuza huku na huku. Siwajui. Wote sura moja. Huenda ni machozi. Huenda ndivyo walivyokuwa siku zote, na mimi nilikuwa najisifu tu.

Kumwambia dada yako "sijui," ulimi umekataa. Tangu nimwoe sijawahi kumwambia neno hilo. Simu nimeishika mara tatu nikupigie, mara tatu nimeirudisha mfukoni. Barua hii nampa dereva anayetuletea chakula cha panya, itakufikia Jumamosi. Njoo, wewe ni kaka yake, atakusikiliza. Mwambie mumewe hajui. Usimwambie kwa ukali, na usimwambie nikiwa nimesimama pale.

Nisalimie mama watoto, binti yako fundi cherehani, na mjomba Kiziwi, umpigie kelele mpaka salamu zimwingie. Mungu awatunze nyote, na wewe akufikishe kabla ya Jumatatu.

Wako akupendaye, aliyekuomba dada yako ukampa,

Shemeji yako.