Kijiko cha Ng'ambo ya Daraja

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila ulimi wangu ni mgonjwa. Tangu ubandike jikoni karatasi ya serikali yetu, chumvi nusu kijiko kidogo kwa siku, mama yako anapika kama anayesuuza vyombo. Presha ni yake, mimi sina, lakini chungu ni kimoja, basi kifungo tunatumikia wote.

Jana nilivuka daraja la mpakani kwenda kunyolewa. Kinyozi wangu kabandika ukutani karatasi ya serikali yao. Nikaisoma povu likinitiririka shingoni: kijiko kizima! Hebu nieleze, Bibi Vipimo, wewe unayelipwa kulinganisha karatasi za majirani: mtu akivuka daraja anabadilishwa figo? Au wenzetu wana serikali inayowapenda?

Baba yako, mla nyasi

Tarehe 15 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini Mama anameza dawa zake. Mimi mzima, ila umenikera. Kulinganisha si kuchagua namba inayokufurahisha. Kijiko chao na nusu yetu, ukifanya hesabu, ni kitu kilekile. Wao wanahesabu chumvi yote, hata iliyokwisha kutiwa kwenye mkate na samaki wa kopo. Sisi tunahesabu ile ya kuongeza jikoni tu. Mkichanganya hizo mbili mtamuua mtu. Usiguse chungu cha Mama, nakuomba sana.

Mwanao

Tarehe 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali, nimeiona. Ulikuwa kwenye benchi nje ya wodi na nilikupita makusudi, kwa sababu ningefungua mdomo ningekutukana.

Miguu ya Mama imevimba hadi viatu havimwingii. Anasema ulimsomea barua yangu ukaishia "ni kitu kilekile", ukaikunja, ukatia kijiko kizima, chako na chake. Akala. "Baba yako kasema ni karatasi ya serikali," ananiambia, tena anakutetea! Miwani yake imevunjika tangu mwaka jana. Macho yake ni wewe, na wewe ukamfanyia utani.

Akiruhusiwa, namchukua kwangu. Usinijibu.

Mwanao

Tarehe 20 Aprili

Wewe mwenye gari lililomchukua mama yako,

Nakujibu. Sijambo, kama inakuhusu. Mama yako miguu imepungua? Hilo nijibu kwanza, matusi yafuate.

Ndiyo, nilisoma nusu. Nilitaka mchuzi, sikutaka kuua mtu. Lakini nyinyi wa ofisini! Mmekaa na namba mbili, mnajua ni moja, mkaziacha ukutani zigombane, sisi wajinga tushangilie inayoshinda. Kulikuwa na ubaya gani kuandika "hii ni ya kuongeza tu"? Wino umeisha? Nilivuka daraja, na katikati ya kunyolewa nikanyanyuka nikaichana ile karatasi ya kinyozi mbele ya wateja wake. Kanifukuza nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Anataka nimwombe radhi. Atangoja.

Halafu chini ya karatasi yenu kuna maandishi ya mchwa, leo ndiyo nimeyaona: "kwa mtu mmoja." Haya, mmempata. Humu ndani yumo mtu mmoja. Nimepika mwenyewe, nimepima nusu kijiko chenu sawasawa, nimekaa mezani tangu mchana.

Chakula hakishuki.

Mrudishe.

Baba yako