Mafiga Niliyoyang'oa Ufukweni

Ujiji, Jumapili mchana, watoto wamelala.

Madamu,

Shikamoo. Najua ungekunja uso. Hukupenda nikuamkie hivyo, ulisema tumepishana miaka kidogo tu na mimi nakuzeesha. "Mama Shabani, utaniotesha mvi," halafu unaitikia marahaba huku unacheka. Leo naiandika tu, hakuna wa kunikataza.

Sijakuandikia tangu siku walipokupakia kwenye treni kukurudisha kwenu Tukuyu. Nilisimama stesheni, mdogo mgongoni, Shabani ameshika kanga yangu, nikaona sanduku lako linaingia kwenye behewa la mizigo. Nilitaka kupanda nikakusindikize hata mpaka Uvinza. Sikuwa na wa kumwachia watoto. Ile homa ilikuchukua upesi mno, mpaka leo nikipita shuleni kwenu najishika nisikuite dirishani.

Wameleta mwalimu mwingine wa Jiografia. Kijana mpole, anatoka Singida, dagaa anakula vizuri kuliko wewe. Wageni wanaokuja kuona mawe ya ufukweni hataki kuwatembeza. Alisema jua la ufukweni litamuua. Basi kazi ile ya Jumamosi imebaki kwangu, mimi niliyekuwa mbeba kapu wako na mtafsiri wa Kiha. Mimi niliyeishia darasa la saba ndiye anayesimama pale uliposimama, anashika kitunguu na kisu, anakikata katikati na kuwaambia watu: tazameni, hivi ndivyo lilivyo jiwe hili ndani, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilijengwa na utelezi uliokuwa hai ziwani, kabla hajazaliwa mtu wa kulipa ziwa jina. Wanasema "aaa" vilevile kama walivyokuwa wakikuambia wewe. Na kitunguu bado nakikatia kachumbari ya chakula cha mchana. Hilo sijalibadilisha.

Sasa nikuambie kilichonikalisha chini niandike. Nimekizungukia wiki nzima, nafua, napika, nanyonyesha, kinanirudia. Nina aibu, Madamu. Sina pa kuipeleka isipokuwa kwako, kwa sababu niliyoyafanya niliyafanya kwa jina lako.

Ulipokuwa umelala hospitali, midomo imekauka, uliniambia: "Mama Shabani, pale ufukweni lisiondoke hata jiwe moja. Awe mgeni, awe mwenyeji, asichukue." Nikakuitikia. Neno la mgonjwa wa namna ile mtu halisahau. Nikalishika kama amri.

Baada ya wewe kuondoka walianza kuja watu kutoka Burundi. Walikuja na mitumbwi, wanashuka kila penye mchanga, wengine na godoro, wengine na kuku, wengine mikono mitupu. Wakubwa wa serikali wakawa wanawakusanya na kuwapeleka kambini kwa mabasi, lakini mabasi ni machache na watu ni wengi, kwa hiyo walilala palepale walipofikia. Kwenye ufukwe wetu wa mawe ya kitunguu pia. Walijenga vibanda vya matete na kanga. Wageni wa matembezi wakaacha kuja, wengi waliogopa. Nilikaa muda mrefu bila hata mgeni mmoja, na wewe unajua nyumba yangu inaishi kwa hela ya wageni hao tangu baba Shabani aende machimboni Geita na kunyamaza.

Ndipo nikaletewa habari kwamba wanafunzi wa chuo kutoka Dar wanakuja kuona mawe. Kundi zima. Nilifurahi hadi nikaimba. Asubuhi ya siku yao nilitangulia ufukweni mapema kuangalia kama njia ni safi. Nikakuta mstari wako una pengo.

Unaukumbuka mstari wako. Yale mawe yaliyolegea, ulikuwa umeyapanga kutoka dogo hadi kubwa, ili wageni waone jinsi yanavyokua. Ya katikati hayapo matatu. Nikatupa macho, nikaona moshi nyuma ya matete. Nikaenda. Mwanamke wa rika langu amechuchumaa, sufuria ya uji iko motoni, na chini ya sufuria ni mawe yetu. Ameyafanya mafiga.

Sasa nikikaa nafikiri, nani asingeyachukua? Mawe yanayolingana kimo, makavu, yamepangwa mstarini kama mtu anayeyauza. Lakini asubuhi ile sikufikiri hivyo. Nilifikiri wanafunzi wako njiani. Nilikufikiria wewe na midomo yako iliyokauka.

Sikumwamkia. Mimi, Mha wa Kalinzi, niliyefundishwa kwamba hata adui asubuhi unamwambia mwakeye, nilimwendea mtu akiwa jikoni kwake na kumwambia, "Haya mawe yana wenyewe. Yatoe."

Alinitazama kwanza kama hakusikia. Alikuwa na mtoto kando yake, amekaa mchangani, macho yote kwenye sufuria. Akasema kwa Kirundi, nikamwelewa kila neno, nawe unajua Kiha na Kirundi ni mtu na nduguye: "Dada, nivumilie kidogo. Mtoto hajala tangu tutoke kwetu." Mimi nikamjibu kwa Kiswahili, ili aone kwamba mimi ni mtu wa ofisi. Nikamweleza eti mawe yale ni ya kale sana, yana miaka maelfu, watu wanatoka mbali kuyaona.

Kwenye moto wa pili alikuwapo bibi mmoja, meno yamebaki ya kusalimia tu. Akacheka. Akasema, "Maelfu ya miaka? Basi yamezoea kungoja. Yangoje na uji uive."

Watu wakacheka. Ungecheka na wewe, nakujua, ungecheka mpaka ukae chini, na ungesubiri uji uive, pengine ungekoroga. Mimi kicheko kile kilinipanda kichwani. Niliona nimedharauliwa kwenye ufukwe wangu. Nikasema, "Toa sufuria, au nitaitoa mimi."

Akaitoa. Aliishika kwa pindo la kanga, akasimama nayo. Hakuwa na pa kuiweka, mchanga ulikuwa na makaa. Alisimama tu ameikumbatia mbali kidogo na mwili isimuunguze, huku mimi nang'oa mafiga yake kwa kijiti mbele ya macho ya mwanawe.

Wewe ulitoka kwenye ndizi na baridi, sijui kwenu wanasemaje. Huku kwetu mafiga ya mwanamke hayaguswi. Mama mkwe mkali kiasi gani, hayagusi. Bibi yangu alikuwa akisema mafiga hung'olewa nyumba ikifa. Nilikua na neno hilo. Nikaenda kuyang'oa ya mtu ambaye nyumba yake ilikuwa imekufa tayari, na hayo matatu ndiyo aliyokuwa amejaribu kuanzia nyingine.

Jiwe la kwanza nililisukumia majini lipoe upesi. Likalia chiii, kisha likapasuka vipande viwili. Lile la katikati, ulilokuwa ukiliita mwanafunzi bora. Madamu, hakulichukua mgeni wala mwenyeji. Nililivunja mimi, mlinzi wake. Mawili yaliyobaki sikuyatia maji tena, niliyaviringisha kwa gunia bichi mpaka mstarini. Nyuma yangu nikasikia yule mama anamwita mtoto, "Bukuru, ngwino," njoo.

Wanafunzi wakafika. Vijana wazuri, wana nyundo ndogo, wana makofia, wananiita dada. Nikakata kitunguu. Nikasema yote uliyonifundisha, jinsi nchi ilivyovutwa huku na huku mpaka ikachanika na ziwa likaingia katika ule mchaniko, na makombe ya konokono wa zamani, na mawe. Unajua walichokipenda kuliko vyote? Lile lililopasuka. Ndani pete zake zilikuwa safi, hazijawahi kuona jua, nyeupe, kahawia, nyeupe. Walilizunguka, wakalipiga picha, mmoja akasema dada una bahati limepasuka vizuri. Nikasema ahsante.

Halafu kijana mmoja, mrefu, mchekeshaji wa kundi, akaweka kiganja juu ya jiwe la jirani. Akakitoa upesi. "Dada, mbona hili la moto? Limetoka jikoni nini?" Wenzake wakaangua kicheko. Alikuwa anatania tu, maskini.

Nikasema ni jua.

Madamu, unajua ufukwe wetu. Jua la asubuhi linachelewa kule, mpaka livuke mlima ulio nyuma yetu. Saa ile tulikuwa kivulini wote, wengine wamevaa masweta. Yule kijana akatazama mlima. Akatazama masizi kwenye kiganja chake. Akatazama moshi nyuma ya matete. Akajifuta kiganja kwenye suruali, na vicheko vya wenzake vikazimika kimoja kimoja, kama mtu anayezima taa za nyumba. Waliniaga kwa adabu. Hiyo adabu yao ndiyo ninayolala nayo.

Walipoondoka nilipanda kilimani. Nilichagua mawe mekundu ya mlimani, yale magumu yanayofaa mafiga, nikayapanga kichwani juu ya ngata, mtoto mgongoni, nikateremka nimepinda shingo. Nilikuwa nimepanga la kusema. Nilipofika, kibanda hakina mtu. Mama mmoja anayeanika dagaa pale akaniambia, "Umechelewa, Mama Shabani. Mabasi yamekuja mchana, wamepelekwa kambini, njia ya Kasulu." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Kuna mama amekuachia salamu. Kasema, mwambieni yule dada wa mawe, uji tuliunywa hivyohivyo."

Salamu hiyo sijui niishike upande gani. Siku nyingine naisikia kama msamaha. Siku nyingine kama kofi.

Nimejitafutia sababu, usidhani sikujitafutia. Nilikumbuka ulivyotuambia habari za wachoma chokaa, kwamba mawe ya namna ile hayafai jikoni, hupasuka, kipande kinaweza kumrukia mtoto jichoni. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimeona lilivyopasuka. Nikajiambia, basi nilimwokoa. Lakini nilipokuwa nang'oa sikuyawaza macho ya mtoto. Ukweli unaokuja nyuma ya tendo hauwezi kujifanya ndio uliolituma. Shabani akiniletea udhuru wa namna hiyo namchapa.

Na kuna jambo jingine. Sisi huku tunajua Bukuru ni jina la nani. Ni pacha, wa kutangulia. Nyuma yake huwa kuna Butoyi. Pale motoni mtoto alikuwa mmoja. Nilisikia jina kwa masikio yangu, na akili ikalielewa, na miguu ikaendelea kutembea na mawe ya wageni. Sikugeuka kuuliza mwenzake yuko wapi.

Mama huyo hata jina lake silijui.

Nisikusingizie. Hukuniambia ning'oe mafiga ya mtu. Wewe ulisema jiwe lisiondoke, na ulikuwa unawafikiria watu wa mifuko na magari. Mimi nilichukua neno la mgonjwa nikalifanya rungu. Nimekasirika kidogo na wewe pia, nikubali, kwa kuniachia neno zito halafu ukaondoka bila kunionyesha linavyobebwa. Lakini mkono ulikuwa wangu.

Sasa nimeamua, nataka uwe wa kwanza kujua. Hao wanafunzi wamewaambia wenzao, nao wanakuja Jumamosi ijayo. Nimewatumia neno kwamba Jumamosi hiyo sipo. Dada yangu ananiona nimechanganyikiwa, kazi zenyewe za kuokota. Nitapanda gari la Kasulu asubuhi, nipite Kidahwe, nishuke kambini. Watanizuia getini, nitakaa getini. Nitamuuliza kila atakayetoka, namtafuta mama Bukuru. Najua kambi nzima imejaa akina mama Bukuru. Watanituma kwa huyu, watanituma kwa yule, na kila mmoja nitamweleza ni kwa nini namtafuta, kwa Kirundi changu kibovu, si kwa Kiswahili cha ofisini. Nisipompata Jumamosi hiyo, nitakwenda nyingine.

Nikimpata sitaanza na mawe. Nitamwamkia kwanza. Nitamuuliza jina lake. Kisha nitamuuliza habari za Butoyi, na jibu lolote atakalonipa nitakaa chini nilisikilize mpaka mwisho, hata kama ni lile ninaloliogopa.

Mdogo ameamka, analia. Nakuacha, Madamu wangu. Udongo wa Tukuyu ukulaze vyema, wanasema ni mweusi na laini. Mawe yako nitayalinda kama nilivyokuahidi, ila kuanzia leo sitayalinda mbele ya sufuria ya mtu. Ukinikasirikia kwa hilo, nikasirikie. Safari hii sibadilishi.

Ni mimi mbeba kapu wako,
Mama Shabani