Kwangu 171, kwa Sista 132

Jumatano, 4 Machi

Kliniki ya presha leo. Baba watoto kanyoa ndevu, kapiga pasi shati mwenyewe — yeye, asiyejua pasi inakaa wapi! Karudi meno nje. Sista kampima: 132. Kamsifu sana, eti mgonjwa wa mfano.

Jumatano, 18 Machi

Nimempima kwa mashine aliyotuletea binti yetu. 171! Kasema mimi ndiye ninayempandisha, sista ana mkono mwepesi. Kwani mimi chumvi? Miaka ishirini na sita namtunza, leo mkono wangu mzito! Wivu unanichoma, sifichi. Kwenye cherehani nimeharibu suruali ya mteja, mguu mmoja mfupi.

Jumapili, 29 Machi

Nimeyajua. Nilikuwa natia kifungo kwenye shati lake la kliniki. Mfukoni — vidonge vya mwezi mzima, karibu vyote vipo! Nimembana, kakiri: humeza siku nne tu kabla ya kliniki. Jana ndiyo kaanza. Vinamchosha, anasema, ila hataki sista amwone mzembe.

Na mimi je? Mimi nikimwona mzembe, hakuna neno!

Baba yake alianguka kwa presha hiyohiyo. Tulimbeba wawili, hakuamka. Naogopa. Nina wivu na naogopa.

Jumatano, 1 Aprili

Nimemtangulia kliniki asubuhi. Nia: kumuumbua, na kumwona huyo sista. Si mrembo. Bora angekuwa! Mtu mzima, viatu vimelika upande, sauti ya taratibu. Kabla sijafungua mdomo kanikalisha, kanifunga kile kitambaa mkononi. "Pumua, dada. Umechoka." Nani kaniambia hivyo mara ya mwisho?

182. Mimi!

Kanipa vidonge, kila siku bila kukosa. Kauliza nyumbani nani ataangalia kama nameza. Siri ya mume wangu nikaimeza.

Mchana yeye karudi na 130 yake, anachekelea. Nikamwekea cheti changu mezani. Kakisoma mara mbili. Kicheko kikaisha. Kaleta maji, glasi mbili.

"Meza nikuone."

Wewe kwanza, nikamwambia.

"Mimi nishapimwa, mpaka mwezi ujao."

Ndiyo maana. Wewe kwanza.

Basi tumekaa. Chake kiganjani, changu kiganjani, naandika kwa mkono mmoja. Muda mrefu hajanitazama hivi. Na bado hajameza —